Macho ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Bahasha nzito, mhuri wa chama cha wapiga picha. Wanataka kunituza Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini, mbele ya watu. Sababu wameiandika kwa herufi nene: kwa miaka arobaini ya rangi zisizokosea.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya pili niliona aibu. Mara ya tatu nilitabasamu tena. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Mwezi uliopita daktari alisema moyo wangu ni kama feni kuukuu: unazunguka, lakini usitegemewe. Miezi, alisema, si miaka. Ndipo nikanunua daftari hili, niandike kweli kabla sijaondoka. Nimeamua kuanza bila kuchelewa. Kesho.

Hapana. Leo.

Chama kimeomba filamu ya dakika kumi ya picha zangu bora. Kazi amepewa mkwe wangu, ambaye huhariri video za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba hii ninamoishi, nyumba ya binti yangu. Mimi nilizipitisha picha arobaini kwenye skana, nikafuta mikwaruzo na alama za vidole katika programu ya picha kwenye kompyuta yangu. Rangi sikuzigusa. Binti yangu alizitazama, akasema Baba, utadhani zimepigwa jana. Mkwe akazichukua, akaziingiza katika programu yake ya video.

Saa nne asubuhi akaniita. Akasema Mzee, kuna jambo silielewi. Kwenye kompyuta yako hawa watu wana damu mwilini. Huku kwangu wamekuwa majivu.

Nikainama mbele ya skrini. Nikavaa miwani. Nikavua miwani. Nikasema kwa sauti nzito: kweli kabisa, majivu.

Sikuona majivu. Wala sikuona damu. Sijawahi kuiona! Nilizaliwa hivyo. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, rangi ya tope lililokauka. Bwana wa rangi zisizokosea haoni rangi. Basi, nimeiandika.

Jumanne, 4 Machi

Muuguzi amekuja, kama kila Jumanne na Ijumaa, kunipima presha. Imepanda. Aliuliza, Babu, umefanya nini? Nikasema sijafanya kitu. Akasema mashine haijazoea kusingizia watu.

Nimepata mbinu. Namba! Rangi sizioni lakini kusoma nimesoma. Programu zote mbili zina kidude chenye umbo la kile kipira cha kudondoshea dawa ya macho. Ukikigusisha kwenye picha, kinakupa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Nilianza na picha namba saba, bibi harusi mwenye shada. Nikapima shavu lake kwenye kompyuta yangu, nikaandika namba kwenye karatasi. Mkwe alipokwenda kuoga, nikapima shavu lilelile kwenye programu yake.

Zilikuwa sawa! Zote tatu!

Alipotoka na taulo begani alinikuta nimesimama mlangoni kama hakimu. Nikampa hukumu. Nikamwambia picha hazina kasoro, programu haina kasoro, kasoro ni macho yake. Nikamshauri ale karoti.

Mkwe wangu ana adabu inayochosha. Aliitazama karatasi, akasema Mzee, namba ni zilezile, ila kipimo sicho. Akaniuliza, fundi akimwambia mwenzake akate ubao wa kumi na mbili, huyu akiwaza inchi na yule akiwaza sentimita, namba si ni ileile? Nikasema ndiyo. Akaniuliza, na mlango je, utafungika?

Kumbe kila picha hubeba kitambulisho chake kisichoonekana, kinachoiambia programu zile namba zisomwe kwa kipimo gani. Kuna kipimo kipana cha rangi, kuna kipimo cha kawaida. Picha zangu zina kitambulisho cha kile kipana. Programu ya picha inakisoma na kukiheshimu. Programu yake ya video haikiangalii kabisa. Inadhani kila kinachoingia ni cha kawaida, ndiyo maana rangi zinanywea. Akaniuliza nani alichagua kipimo kile.

Nikasema skana ilijichagulia.

Uongo mtupu. Skana iliniuliza nataka rangi pana kiasi gani, nikachagua pana kuliko zote. Mtu anayetuzwa hawezi kuchagua finyu.

Mkwe amesema si neno. Ataigeuza kila picha iwe ya kipimo cha kawaida kabla ya kuiingiza kwenye video. Ataifanya kazi hiyo Ijumaa, akishamaliza harusi ya mteja. Mimi niliacha kusikiliza kwenye neno sentimita.

Alhamisi, 6 Machi

Flashi amekuja kunijulia hali. Hali yangu inamhusu kwa sababu anataka kuwepo itakapoisha. Alikuwa na studio mkabala na yangu kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alipewa kwa kuwapofusha watoto kwa taa ya kamera yake. Akaketi, akaomba chai, akanitazama miguuni, akasema bwana wewe, soksi zako leo hazijuani.

Nikamwambia ndio mtindo. Akasema mtindo huo unao tangu ujana wako. Akasema amewahi kujiuliza, mtu anayevaa hivi, zile rangi za studio yake alikuwa akizitoa wapi? Akacheka. Nami nikacheka. Kicheko changu kilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Halafu mkwe, kwa ule unyofu wake, akaingia kusalimia na kutaja kwamba rangi za filamu zimesumbua kidogo. Flashi alikiweka chini kile kikombe kama mtu aliyeokota kito. Akasema Jumatatu atapita na Mama Mwenyekiti wa chama, waitazame kidogo. Kama marafiki tu.

Rafiki! Nimeshinda mchana mzima nikitazama ukuta.

Kwa kuwa siwezi kulala, niendelee na kweli. Rangi nilizitoa wapi?

Nilimwajiri msichana wa kukaa dirishani kupokea wateja. Wiki yake ya kwanza aliingia nyuma, mahali nilipokaushia picha, akainua picha iliyolowa, akauliza huyu bibi harusi anaumwa ama ni mjusi. Kwa miezi sita wateja walikuwa wakinung'unika, nami nilikuwa nikisingizia karatasi, maji, hata umeme. Yeye alitazama dakika moja tu. Akanishikia picha mbili, akaniuliza ipi ina ua jekundu. Nikaonyesha kwa kujiamini. Akaziweka picha chini. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na mashine yangu ya kuchapia picha.

Toka siku hiyo alikaa hapo. Nilichapa kipande cha majaribio, yeye akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akarudi na kusema: punguza manjano. Ongeza nyekundu kidogo. Bado. Bado. Sasa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzungusha vifundo. Miezi minne baadaye nilimwoa. Nilimpenda, nisijisingizie ubaya wote. Lakini haraka ile haikuwa ya mapenzi peke yake. Nilimwoa kabla hajamwambia mtu.

Hakumwambia mtu. Hata siku moja. Aliwahi kuniomba jina lake liwe kwenye kibao cha studio, chini ya langu. Nikamwambia kibao ni kidogo. Wiki iliyofuata nilimwita mchoraji ajaze ile nafasi iliyobaki. Akachora kamera. Kubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya! Hii haina dosari.

Mkwe ametoka saa tano kupeleka kazi ya mteja. Binti yangu yuko kazini. Nikaingia chumba cha mbele, polepole, kwa fimbo. Ukuta wote ameupaka kijivu, anasema ukuta wenye rangi hudanganya macho. Yangu haukuyabadilisha kitu. Nikaketi kwenye kiti chake cha magurudumu, nacho kikanikimbia mpaka dirishani. Nikarudi.

Niliwaza hivi. Mkwe alisema watu wamekuwa majivu. Majivu hayana damu. Damu ni nyekundu. Na marehemu mke wangu, kila picha ya harusi, aliishia kusema ongeza nyekundu kidogo. Basi! Katika programu ya video kuna kifundo cha nyekundu. Nikaongeza. Kiasi gani ni kidogo? Nikaweka ishirini. Picha ya kwanza, ya pili, mpaka ya arobaini. Ilinichukua saa moja na nusu, na vituo viwili vya kuhema. Nikazitazama zote. Kwa macho yangu hazikubadilika hata chembe, nikachukua hiyo kuwa dalili ya ustadi.

Nikahifadhi. Nikakirudisha kiti mahali pake. Nikafuta hata alama za fimbo kwenye zulia.

Muuguzi alipokuja saa tisa alisema presha imeshuka. Nikamwambia ni furaha ya kazi iliyofanywa vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kiti changu. Sakafu imekataa.

Flashi alikuja amevaa tai. Mama Mwenyekiti alikuja na maua. Binti yangu alikuwa ameomba ruhusa kazini ili awepo. Tukapanga viti chumba cha mbele, pazia likafungwa, mkwe akawasha televisheni kubwa. Alisema hajaitazama tena filamu tangu alipozigeuza zile picha Ijumaa asubuhi, lakini hana wasiwasi, marekebisho ni madogo na programu huzipokea yenyewe picha mpya.

Ijumaa asubuhi! Kabla hajatoka! Yaani alikuwa keshawarudishia watu damu yao. Mimi nikaja nyuma yake nikawaongezea nyingine.

Nilikuwa na nafasi ya kusema subirini. Neno moja tu. Nilikohoa, watu wakanipa maji.

Picha ya kwanza ikatokea. Chumba kikawa kimya. Mimi, kwa kuwa sikuona kitu, na kwa kuwa ukimya ulinitisha, nikapiga goti langu kwa kofi nikasema: hapo sasa! Hiyo ndiyo ngozi ya binadamu!

Mama Mwenyekiti akauliza kwa upole kama bibi harusi yule alikuwa ameungua. Ikaja ya pili. Binti yangu akasema, eh, Baba. Ikaja ya tano, mtoto mchanga kwenye shuka jeupe, na Flashi akasema jamani mtoeni huyo mtoto kwenye tanuri. Baadaye nimewasikia binti yangu na mkwe wakisimuliana: maharusi walikuwa kama matofali, wazee kama nyanya zilizoiva, shuka la mtoto limekuwa la waridi kama pipi.

Flashi hakuharakisha. Alingoja ikaja picha namba kumi na tisa, familia imekaa bustanini. Akaniuliza bwana rangi, hizo nyasi zina rangi gani?

Nikasema kijani. Nyasi ni kijani, hata kipofu anajua.

Akasema nakuuliza zilizoko hapa mbele yetu.

Nikatazama. Nilitazama kama mtoto anayetazama swali la mtihani akidhani jibu litachungulia. Nikasema kijani kilichokomaa.

Nimewasikia wakisema zilikuwa za hudhurungi kama ngozi ya kiatu.

Hapo mkwe akainuka akazima. Akasema samahani wageni, ni waya. Waya wa televisheni hii una matatizo, unaharibu rangi, na Mzee mnamjua, macho yake yamechoka kwa dawa za moyo. Alidanganya kwa ajili yangu, kijana asiyejua hata kudanganya mteja juu ya tarehe. Masikio yake yalikuwa moto. Hilo nililijua kwa kuwa aliyashikashika. Flashi akaangalia waya, akaniangalia mimi, akachukua kofia yake. Mlangoni akaniambia pole kwa waya.

Jumanne, 11 Machi

Binti yangu hakwenda kazini. Amekuja chumbani kwangu na soksi zangu zote kwenye beseni. Akalimwaga kitandani. Akasema Baba, nipangie.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi nilijaribu. Nilizipanga kwa unene.

Akakaa kitako pembeni ya kitanda. Akasema mkwe wako ameona kwenye programu kila picha imeongezwa ishirini, arobaini zote, bila kupunguka wala kuzidi, na mtu anayeona hawezi kufanya hivyo. Akasema tangu lini?

Nikasema tangu kuzaliwa.

Akauliza, basi zile rangi?

Nikamwambia. Kigoda, mlango, punguza manjano, bado, bado, sasa. Nilimweleza kila kitu nikiutazama mguu wa kitanda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na bati kuukuu la biskuti aliloachiwa na mama yake. Ndani yake mna vipande vya majaribio, mamia, vyembamba kama alamisho za kitabu, na nyuma ya kila kimoja mwandiko wa penseli. Nyekundu kidogo. Bado manjano. Huyu mtoto mrudishie midomo yake. Akasema siku zote alidhani ni maneno yangu, kwamba mama yake alikuwa karani tu anayeandika ninachosema.

Kisha akalisema lile nililokuwa nikiliogopa. Akasema Baba, unakumbuka mimi nilipomuuliza?

Nakumbuka. Alikuwa chuoni, amekuja likizo, kichwa kimejaa vitabu. Tulikuwa mezani. Alimuuliza mama yake, hivi Mama, zaidi ya kukaa dirishani umefanya nini katika maisha yako? Mke wangu hakukasirika. Aligeuka akanitazama. Aliningoja. Palikuwa na nafasi kubwa ya kutosha gari kupita.

Nikaomba chumvi.

Leo binti yangu aliniambia kwamba jibu hilo alilibeba miaka ishirini na miwili, kwamba aliacha kumuuliza mama yake mambo ya maana kwa sababu aliamini mama yake hana la kumwambia. Alilia bila sauti, akikusanya soksi. Sikujua niuweke wapi mkono wangu. Niliuweka juu ya soksi.

Halafu akafuta uso. Akasema Jumamosi utasimama pale ukumbini useme kwa mdomo wako. Si kwenye daftari, si kwangu chumbani. Kwa mdomo wako, mbele ya wale wale waliokupigia makofi. Akasema hilo tu ndilo analotaka kutoka kwangu kabla sijafa, na hataomba jingine.

Nikaapa. Niliweka mkono kifuani, juu ya feni yenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mkwe ameitengeneza filamu. Aliziondoa ishirini zangu zote bila kunikaripia, akisema tu kwamba mtu hutibu ugonjwa mahali ulipoanzia, si mahali pawili. Kisha akaipitisha filamu kwenye kompyuta, kwenye televisheni na kwenye simu, akihakikisha bibi harusi ni yuleyule kila anapokwenda. Binti yangu alikaa karibu naye na bati la biskuti, wakilinganisha kila uso na vile vipande vya mama yake. Nilisimama mlangoni. Nikamsikia akisema bado. Kisha, bado. Kisha, sasa.

Ilibidi nikae chini.

Mwisho wa filamu wameandika, kwa herufi nyeupe, Rangi: na jina la mke wangu. Jina kamili. Sijawahi kuliona limeandikwa kubwa hivyo, isipokuwa kaburini.

Nimeandaa hotuba. Sentensi mbili, kwa sababu ya pumzi. Ya kwanza: rangi hizi si zangu, ni za mke wangu. Ya pili: mimi sizioni, sijawahi kuziona, na nilimficha yeye ili nisionekane. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea ndevu. Ya kwanza inatoka vizuri. Ya pili inanikwama kama kidonge kikubwa. Binti yangu alinisikia kupitia ukuta, akaniletea maji, akasema Baba, utaweza. Alinishika bega. Tangu Jumanne hakuwa amenigusa.

Nitaweza. Naandika kwa herufi kubwa: NITAWEZA.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki mpaka kwenye korido. Waliniweka mbele, kwenye kiti chenye mito. Taa zikazimwa, filamu ikaanza, na watu wakaguna kwa raha, ule mguno wa kuona uso unaoujua. Dakika kumi. Lilipotokea jina la mke wangu nilisikia mnong'ono, nani huyo, nani huyo? Taa zikawashwa. Mkwe akanishika kwapani, nikasimama. Binti yangu alikuwa safu ya pili, mikono juu ya mkoba.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema: rangi hizi si zangu. Ni za mke wangu.

Nikanyamaza nivute pumzi. Naapa ilikuwa ni pumzi tu!

Makofi yakalipuka. Yalianza nyuma yakaja mbele kama mvua kwenye bati. Mama Mwenyekiti alifuta macho, akanipokonya kipaza sauti, akasema tazameni mwanamume, amefika kileleni na bado anampa sifa marehemu mkewe! Akasema wanaume wa ukumbi huu wajifunze unyenyekevu. Wanawake wakasimama. Halafu akasimama Flashi. Flashi! Akasema amenishuku miaka yote hii, ila leo amenyoosha mikono, kwa sababu yeye mkewe hajampa hata kivuli chake. Akaja akanikumbatia. Alinukia manukato na kushindwa.

Wakanirudishia kipaza sauti. Sentensi ya pili ilikuwa mdomoni. Nilikuwa naionja. Watu mia mbili walikuwa wakinitazama kwa macho yaliyolowa, na sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Nikasema asanteni sana.

Ningeishia hapo tu ingekuwa nusu ya dhambi. Lakini mpiga picha mmoja safu ya nyuma akauliza kwa heshima, Mzee wetu, siri ya rangi ni nini? Na mimi, Mungu anisamehe, nikainua kidole. Nikasema siri ya rangi ni subira.

Waliandika! Niliwaona wakiandika!

Nilipotazama safu ya pili, mkoba haukuwepo, wala mwenye mkoba. Tulimkuta kwenye gari. Tukaendesha mpaka getini. Akasema umepigiwa makofi ya Mama, ukayatia mfukoni. Akashuka. Mkwe akanisaidia kushuka na ile tuzo, ambayo ni ya kioo na nzito kuliko inavyoonekana.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi binti yangu aliniletea chai. Akasema Mzee, chai hii. Mzee! Hivyo ndivyo mkwe anavyoniita, na mwuza magazeti, na kila mtu asiyenizaa wala nisiyemzaa. Hakuwa na hasira. Aliweka kikombe, akafungua dirisha, akatoka.

Nililia. Kisha nikafanya lile nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikakaa mezani nikaandika barua kwa chama, kurasa tatu, bila kujitetea hata mstari mmoja. Sioni rangi. Mke wangu aliziona zote. Nilimnyima jina, nikamnyima mtoto wake. Rudisheni tuzo hii kwake. Nikaweka sahihi, nikaziba bahasha. Nilijisikia mwepesi hata nikafikiri ndiyo nakufa. Nikaapa kumpa barua hiyo mtu wa kwanza wa chama nitakayemwona.

Saa tano akaja Mama Mwenyekiti mwenyewe.

Amekuja na ombi. Mwezi ujao chama kina shindano la picha za rangi, picha sitini, na wajumbe wote wamekubaliana kwamba jaji mkuu niwe mimi. Hawakupiga hata kura. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu. Akaiona, akauliza ni yangu hiyo? Nikasema ni barua ya shukrani, bado sijaimaliza.

Nikairudisha mfukoni.

Nimelitafakari jambo hili kwa uaminifu. Ukweli ukisemwa kwa barua husomwa na katibu peke yake. Shindanoni watakuwapo watu mara mbili ya wale wa Jumamosi. Mke wangu anastahili hadhira kubwa. Nitasema pale pale, kwa mdomo wangu, sentensi zote mbili, mara tu nitakapomaliza kutangaza washindi. Naona aibu ninapoandika haya, aibu ya kweli, imenipanda mpaka kwenye nywele. Hiyo yenyewe ni dalili njema.

Inabaki kazi ya kuamua. Muuguzi alipokuja saa tisa nilimtazama kwa makini. Ana macho mazuri, na mlinzi wa ukumbi hatamzuia, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kuwa na muuguzi wake pembeni. Nimemweleza kwamba siku hiyo atakaa nami na mashine mbili za presha. Picha ikizidi nyekundu, abane mkono wa kulia. Ikizidi kijani, wa kushoto. Amecheka mpaka akashika ukuta, akasema Babu, utanifukuzisha kazi. Lakini hakukataa.

Mpango umekamilika. Kilichobaki kunisumbua ni manjano tu. Mikono ninayo miwili.